Namna ya Kuyazoea Masoko ya Arusha na Moshi kwa Aliyehamia Kutoka Nchi Jirani

Nilifika Arusha kutoka Mombasa mwezi wa Juni nikiwa na sanduku lililojaa mashati mepesi ya pamba, na usiku wa kwanza nililala nimejifunika kanga mbili na taulo. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru, na kati ya Juni na Agosti baridi yake haimhurumii mtu aliyezoea joto la pwani. Asubuhi mama mwenye nyumba aliponiona nikitetemeka alinikataza kwenda dukani. Alichukua kikapu chake, akaniambia kwamba tutakwenda kwenye mitumba, na njiani akanipa agizo moja tu: nisiulize bei ya kitu chochote mpaka yeye aulize. Aliwasalimia wauzaji wanne, akauliza hali ya mtoto wa mmoja wao aliyekuwa amelazwa, akakaa kidogo kwenye kigoda cha wa tano, ndipo akagusa sweta la sufu la rangi ya kijani. Tulilinunua kwa shilingi 5,000. Jirani yetu, ambaye naye alikuwa mgeni, alikuwa amenunua linalofanana nalo siku mbili kabla kwa shilingi 15,000.

Tangu hapo nimewapeleka sokoni wageni wengi. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa hiyo mji haukosi Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo waliokuja kwa kazi ya miaka miwili au mitatu, na wengi wao huishia kununua kila kitu kwenye maduka makubwa kwa sababu siku ya kwanza sokoni iliwachosha. Ninawaandikia hao. Bei ya kitu katika masoko haya hutegemea siku uliyokwenda, kipimo ulichonunulia, na zaidi ya yote kama muuzaji anakufahamu, na mgeni anaweza kuyapata yote hayo ndani ya miezi miwili bila ujanja wowote, mradi akubali kurudi mahali palepale kwa watu walewale.

Siku za soko

Masoko ya mjini hufanya kazi kila siku. Arusha ina Soko Kuu katikati ya mji na Soko la Kilombero jirani na kituo cha daladala, ambako watu wengi hununua mboga, nafaka na matunda ya wiki nzima. Kwa mitumba wenyeji watakuelekeza Samunge, karibu na eneo la NMC, soko lililoungua moto mwaka 2020 na biashara ikarejea. Moshi ina Soko Kuu lake, ina Mbuyuni kwa mazao ya jumla, na ina Memorial na Kiboriloni kwa nguo na viatu vya mitumba. Kiboriloni utaipata ukifuata barabara ya kuelekea Himo.

Hata hivyo anayeishi hapa bila kwenda kwenye magulio, yaani masoko ya siku maalumu za wiki, amekosa sehemu kubwa ya maisha ya mikoa hii. Tengeru, kilomita 13 hivi kutoka Arusha kwenye barabara ya Moshi, hujaa siku za Jumatano na Jumamosi, na hapo ndipo Wameru hushusha ndizi, maparachichi, karoti na maharage kutoka miteremko ya mlima. Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, hujaa Alhamisi na Jumapili, na huko utakuta Waarusha na Wamasai pamoja na mboga, mbuzi, magadi, shuka na vyombo vya plastiki vilivyotandazwa chini. Upande wa Kilimanjaro, masoko ya Uchagani kama Marangu, Mwika na Machame yana siku zake, na masoko jirani hupishana siku ili mama aliyeuza ndizi leo hapa aweze kesho kutwa kuuza kule. Tengeru ina jambo moja la historia ambalo humgusa kila mgeni ninayempeleka: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 walihifadhiwa hapo, na makaburi yao yapo hadi leo. Watu waliokuja na kukaa kwa miaka si jambo jipya katika kijiji hicho.

Andika siku hizo mahali utakapoziona, kwa sababu ukienda Tengeru Jumatatu utakuta vibanda vichache na utarudi ukisema kwamba soko hilo halina kitu. Ukitaka mali nzuri, fika kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wakati magunia yanafunguliwa na mikungu bado inateremshwa. Ukitaka bei ya chini, subiri saa kumi na moja jioni, wakati mama aliyetoka mbali hataki kurudi na nyanya zilizoiva kupandisha nazo mlima. Mimi huenda asubuhi, kwa kuwa jioni muuzaji hana nafasi ya kuzungumza, na katika wiki za mwanzo mazungumzo yana faida kuliko shilingi mia tano utakazookoa. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, vaa viatu vya mpira, kwa maana magulio mengi yako kwenye udongo mtupu.

Salamu na majina ya vitu

Mgeni anayezungumza Kiswahili huja akidhani kwamba lugha haitamsumbua. Kiswahili cha hapa kina adabu zake, na muuzaji atazihisi kabla hata hujamaliza sentensi. Mkenya wa bara husema "nipe nyanya za mia tano" bila nia mbaya yoyote; Mtanzania husema "naomba nyanya za mia tano", hata kama ndiye anayelipa. Neno "nipe" hapa lina ukali ambao kwao halina, na nimeona nyuso zikibadilika kwa sababu ya neno hilo peke yake. Kwa mama mwenye umri wa mama yako unaanza kwa "shikamoo", unangoja "marahaba", kisha habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za biashara, ndipo unapoangalia alichonacho. Mimi nililelewa na shikamoo, kwa hiyo halikunisumbua, lakini rafiki yangu kutoka Bukavu aliwahi kuniambia kwamba alihisi kama anajipendekeza. Nilimwomba ajaribu kwa wiki moja tu. Wiki ya pili mama wa mchicha alikuwa anamwita kwa jina.

Kuhusu majina ya heshima, "mama", "dada", "kaka" na "mzee" hazitakukosesha popote. Upande wa Moshi utasikia wenye maduka wakiitwa "mangi", jina ambalo asili yake ni cheo cha watawala wa Kichaga, na mwanamke wa Kimasai aliyekaa nyuma ya shanga zake hufurahi akiitwa "yeyo", yaani mama. Vijana wa Arusha huitana "chalii". Waachie wao kwa wao mpaka mzoeane.

Majina ya vyakula ndiyo huleta mkanganyiko wa kweli. Mimi nilitafuta pojo Kilombero karibu nusu saa nikidhani hakuna, nazo zilikuwa mbele yangu zikiitwa choroko. Mnairobi angezitafuta kwa jina la ndengu na angepotea vilevile. Dhania hapa ni giligilani, minji ni njegere, omena ni dagaa. Ukiomba njugu unaweza kuletewa njugu mawe, kwa hiyo kama unataka za kukaanga na chumvi sema karanga. Mkongo anayetafuta sombe aulize kisamvu, na anayetafuta lengalenga aulize mchicha. Njia iliyo rahisi kuliko kamusi yoyote ni kunyosha mkono na kuuliza, "Mama, hizi kwenu mnaziitaje?" Swali hilo humfanya muuzaji awe mwalimu wako, na mwalimu huona haya kumpunja mwanafunzi wake.

Fungu, sado na mkungu

Wageni wengi hushughulika na bei na kusahau kipimo, na humo ndimo fedha zao nyingi hupotea. Nyanya, vitunguu, karoti na viazi huuzwa kwa fungu, yaani vipande vichache vilivyopangwa kama piramidi ndogo juu ya meza au gunia. Bei ya fungu haibadiliki sana kwa mwaka. Kinachobadilika ni idadi ya vipande. Nyanya zikiadimika, fungu la shilingi 1,000 hupungua kutoka vipande saba hadi vinne, na muuzaji hajakudanganya. Kabla ya kununua, hesabu mafungu ya meza tatu zinazofuatana, na uangalie pia za chini, kwa kuwa nzuri hupangwa juu na upande wa mbele.

Nafaka na maharage hupimwa kwa sado, ambayo ni kopo la rangi la lita nne lililochukua jina lake kwenye rangi ya Sadolin. Mkenya aliyezoea gorogoro ya kilo mbili asilinganishe bei kabla ya kulinganisha makopo. Tazama kitako cha sado: kikiwa kimebonyea kwa ndani, au ndani yake kumewekwa karatasi iliyokunjwa, unapoteza kikombe kizima. Tazama pia jinsi inavyojazwa. Sado ya haki hujazwa mpaka ichomoze kilele, na mteja anayefahamika huongezewa kiganja kimoja juu ya kilele hicho. Panapotumika mizani, angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo inayoonyesha kuwa imehakikiwa. Utasikia pia neno lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa cha wavu au kamba mpaka likazidi ujazo wake. Sheria ya vipimo hairuhusu ufungashaji huo kwa sababu unampunja mkulima, na mimi huwaomba wageni wasijivunie kununua lumbesa kwa bei ya gunia, kwani mkulima ndiye aliyebeba hasara hiyo.

Ndizi zina somo lake peke yake. Mgeni husema "naomba ndizi" na muuzaji humtazama tu, kama vile umemwomba mwenye duka la vitambaa "kitambaa". Kama unapika machalari au mtori, ulizia mshare. Kama unataka za kuchoma au kukaanga, ulizia mzuzu. Za kula zikiwa zimeiva, zile fupi tamu, ni kisukari. Unaweza kununua mkungu mzima au kichane kimoja. Kwa familia ya watu wanne, mkungu mzima wa mshare huanza kuiva kabla hamjaumaliza, kwa hiyo gawaneni na jirani. Kwa mshare, chagua zilizonona ambazo kingo za ganda zimeanza kupotea na mkia bado unatoa utomvu. Zenye kingo kali zimekatwa mapema na hazitalainika vizuri kwenye sufuria.

Mitumba

Neno mtumba maana yake ni furushi, na nguo hizi zimepata jina kutokana na marobota zinamofika. Wazee wa Tanzania hukumbuka jina la zamani zaidi, "kafa Ulaya", lililotokana na imani kwamba ni nguo za marehemu. Biashara hii ilipanuka katikati ya miaka ya 1980, uagizaji wa bidhaa ulipolegezwa baada ya miaka mingi ya uhaba, na leo hakuna tabaka la watu lisiloivaa. Arusha ina uhusiano wa pekee na historia yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa, walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo vya ndani. Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, nchi nyingi zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo chini ya mpango huo mwaka 2018. Ninaamini hoja ya viwanda ilikuwa ya kweli. Ninaamini pia kwamba mama anayewavalisha watoto watatu kutoka kwenye meza ya shilingi mia tano hakupewa jibu.

Sasa kuhusu kununua. Muulize muuzaji siku yake ya kufungua robota, kisha uje siku hiyo mapema, kwa sababu nguo za daraja la kwanza huchambuliwa na kutundikwa kwenye henga zikiwa na bei ya juu, za katikati hupangwa mezani, na zilizobaki humwagwa kwenye turubai zikinadiwa kwa sauti, "Chagua, mia tano, mia tano!" Rundo la chini lina hazina zake, lakini linahitaji subira na mikono miwili. Henga inafaa kwa mtu anayetafuta koti la kazini. Baada ya siku tatu zile zilizokosa mnunuzi kwenye henga huteremka mezani, na muuzaji anayekufahamu atakuambia, "Lisubiri hadi Alhamisi." Mimi nimepata makoti mawili kwa kusubiri hadi Alhamisi.

Kagua nguo kwa mpangilio uleule kila mara ili usisahau kitu. Anza na kwapa, ambapo jasho la miaka huacha ukanda mgumu wa njano usiotoka. Nenda kwenye shingo na ncha za mikono, kisha zipu, ambayo unaifungua na kuifunga mara mbili, kisha mifuko kwa ndani, kisha mshono wa katikati ya suruali. Mwisho toka nayo nje. Vibanda vingi vimefunikwa turubai la bluu au la chungwa, na mwanga unaopita humo hubadilisha rangi na kuficha madoa. Hakuna muuzaji wa haki atakayekukatalia kutoka hatua tatu kwenye jua. Shimo dogo kwenye mshono si tatizo, kwani fundi cherehani yuko hatua chache tu na atalishona ukisubiri. Shimo la nondo kwenye sufu ni tatizo, kwa kuwa likiwa moja yapo mengine ambayo hujayaona. Nguo za ndani zilizotumika haziruhusiwi na Shirika la Viwango Tanzania, kwa sababu za kiafya, hata kama utaziona zikiuzwa, nunua mpya. Ukifika nyumbani loweka kila kitu kwenye maji ya moto na sabuni, anika juani, na upige pasi upande wa ndani.

Kwa viatu na vifaa vya baridi, Moshi ina bahati kuliko miji mingine kwa sababu ya Mlima Kilimanjaro. Wageni wanaopanda mlima huwaachia wagumu, yaani wapagazi, na waongozaji wao mabuti, makoti ya manyoya, mifuko ya kulalia na fimbo, na baadhi ya vitu hivyo huuzwa tena mjini. Ni mali imara, ila buti la mlima lina ugonjwa mmoja wa kuchunguza kwa makini: tabaka laini la plastiki lililo katikati ya soli huoza kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa, na siku moja njiani soli nzima humomonyoka kama mkate mkavu. Shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje kwa nguvu mara tano, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, na ukiona nyufa ndogo au unga, kirudishe mezani hata kama ngozi ya juu inang'aa.

Kupunguziwa bei na kulipa

Baada ya salamu na ukaguzi, uliza bei, sikiliza, kisha sema kwa utulivu, "Naomba unipunguzie." Ukitaka kutaja kiasi, kitaje kiwe cha heshima, kutaja robo ya bei aliyosema ni kumwambia kwamba yeye ni mwongo. Atakujibu kwamba mtaji wake haujarudi, wewe utaongeza kidogo, naye atashuka kidogo. Asubuhi na mapema utasikia, "Nifungulie biashara," na hapo bei hushuka kwa hiari, kwa kuwa wauzaji wengi huona vibaya mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu. Kwa sababu hiyohiyo, usiwe mtu wa kwanza mezani kama huna nia ya kununua.

Usibishanie bei na bibi aliyeweka mafungu matano ya mnafu chini. Kwake omba nyongeza. Atakutupia majani machache kwenye kikapu, nawe umelipa bei yake kamili, na heshima ya kila mmoja imebaki palepale.

Kuna kosa nililofanya mwaka wa kwanza ambalo bado linanikera. Nilibishana na kijana kuhusu mkanda wa ngozi kwa dakika kumi, akashuka, akashuka tena, mwishowe akasema, "Haya, leta hela." Nikamwambia nitarudi, nikaondoka, kwa kuwa kwa kweli nilikuwa najipima tu uwezo wangu wa kujadiliana. Mama mwenye nyumba aliposikia habari hiyo jioni alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama huko kwetu mtu akikubaliwa posa hukimbia. Kesho yake nilirudi, nikamwomba radhi yule kijana na kuununua mkanda kwa bei tuliyopatana. Muuzaji akishakubali kiasi ulichokitaja wewe mwenyewe, mmeshakubaliana, na neno "nitarudi" halifai tena.

Lipa kwa shilingi za Tanzania. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo dola na shilingi za Kenya zibadilishe kwanza kwenye benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Beba noti ndogo, kwani noti ya 10,000 kwenye fungu la nyanya humfanya muuzaji akimbizane na majirani kutafuta chenji. Wengi wana lipa namba, yaani namba ya biashara ya kulipia kwa simu, na ukilipa kwa njia hiyo soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Muuzaji asiye na lipa namba atakuambia umtumie kwenye namba yake ya kawaida "na ya kutolea", maana yake uongeze makato atakayotozwa na wakala. Ni ombi la kawaida, na ni vizuri kulijua kabla ya kupatana ili hesabu isibadilike mwishoni.

Katika hali hiyo ya kuzoea soko, wapo wageni wanaotamani nao kuweka meza. Amri iliyotolewa Julai 2025 inamzuia asiye raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwamo uuzaji wa rejareja na ununuzi wa mazao shambani. Furahia kuwa mteja.

Vinyago, shanga na tanzanite

Kwenye soko la Wamasai lililoko Fire Road, Arusha, bei ya kwanza hutajwa kwa kumlenga mtalii, kwa hiyo Kiswahili chako hapo kina thamani kubwa. Kinyago cha mpingo halisi ni kizito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, na ukigeuza kitako utaona mti wenyewe ukiwa mweusi au kahawia iliyokolea. Kilichopakwa rangi ya viatu huacha weusi kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa, na kitako chake huwa cheupe kilipokwaruzwa. Kwa shanga, vuta uzi kidogo uone kama fundo la mwisho limekazwa.

Tanzanite usiinunue mtaani, hata kutoka kwa mtu mpole kiasi gani. Madini haya yaligunduliwa mwaka 1967 na huchimbwa Mererani peke yake, ambako tangu mwaka 2018 kuna ukuta wenye urefu wa kilomita 24, na biashara yake ni ya wenye leseni. Anayekuonyesha jiwe la bluu kwenye karatasi iliyokunjwa anakuuzia kioo au anakuuzia kesi. Hali ni hiyohiyo kwa pembe, meno, ngozi na magamba ya wanyamapori: usiguse, usiulize bei.

Kurudi na mzigo

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo nenda na kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa, na kopo lenye kifuniko kama unanunua maziwa au mafuta. Fedha za matumizi ziweke mfuko wa mbele, nyingine mbali nazo, na simu usiitoe katikati ya msongamano. Kabla ya kupiga picha omba ruhusa, hasa kwa wanawake wa Kimasai na kwa watoto. Ukikataliwa, shukuru na uendelee.

Kama mzigo ni mkubwa, mwenye mkokoteni ataufikisha kituoni, na bei yake mpatane kabla hajaanza kupakia. Fanya hivyo pia na konda wa daladala, kwa sababu gunia likishapanda, nauli yake huamuliwa na yeye. Mkungu wa ndizi ufunge mkia wake kwa gazeti au majani makavu kabla ya kuuweka miguuni au kuupakata, maana utomvu wa ndizi ukikauka kwenye nguo hautoki kwa sabuni wala kwa limau. Sweta langu la kijani bado ninalivaa kila Juni, na mkono wake wa kushoto una doa jeusi la mshare wa Tengeru.